Miopia ya Juu na Miopia Haribifu: Suala la Fasili na Uainishaji

Katika toleo la 10 la Uainishaji wa Kimataifa wa Maradhi, lililopitishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1990, miopia imetajwa mahali pawili. Imo kwanza miongoni mwa maradhi ya tufe la jicho, kwa namba H44.2, na hapo imeongezewa sifa ya kuonyesha kwamba jicho lenyewe linachakaa. Inarudi tena kwa namba H52.1 miongoni mwa kasoro za kupinda kwa mwanga, safari hii bila sifa yoyote, na msomaji anaonywa kwamba ile ya kwanza haikuhesabiwa hapo. Mtu asiyekuwa tabibu huenda akadhani kwamba wapangaji walisahau wakaliandika jambo moja mara mbili. La hasha. Walikuwa wakijaribu kutenga vitu viwili ambavyo kwa muda mrefu vimekaa chini ya jina moja: kasoro ya mwanga, ambayo miwani huirekebisha, na ugonjwa wa tishu za jicho, ambao miwani haiugusi.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi vitu hivyo viwili vilivyokuja kutengwa, na jinsi ugonjwa huo wa pili ulivyopangwa katika aina zake. Kwa kuwa jarida hili ni la lugha, istilahi zitakazofaa kwa Kiswahili zitajadiliwa kila pale hoja itakapozihitaji. Ikumbukwe tangu mwanzo kwamba mjadala huu si wa maneno matupu. Mtu aliyeambiwa kwamba macho yake "hayaoni mbali tu" huenda dukani akabadilisha miwani, mwaka baada ya mwaka, na huku nyuma ya jicho tabaka linalopokea picha linanyauka. Ikitokea siku moja mistari ya daftari ikaanza kumpindia, atafikiri kwamba miwani imekwisha nguvu. Kumbe hiyo ndiyo siku ambayo tiba ingeweza kumwokoa, na kila juma linalopita linampunguzia nafasi.

Wala idadi ya wanaohusika si ndogo. Hesabu iliyochapishwa na Brien Holden na wenzake mwaka 2016 ilikadiria kwamba mwaka 2000 watu milioni 1,406 duniani walikuwa na miopia ya kiwango chochote, na miongoni mwao milioni 163 walikuwa nayo kwa kiwango cha juu. Kufikia mwaka 2050 idadi hizo zilitazamiwa kuwa milioni 4,758 na milioni 938. Asia ya Mashariki ndiyo iliyotangulia kulipa gharama. Katika uchunguzi wa watu wa Tajimi, Japani, madhara ya miopia katika retina yalionekana kuwa sababu ya kwanza ya upofu wa jicho moja. Na katika uchunguzi wa Beijing yalifuata nyuma ya mtoto wa jicho katika kuwapunguzia watu uoni. Afrika ya Mashariki bado ina miopia kidogo ikilinganishwa na huko, lakini si busara kungoja mpaka wagonjwa wajae vyumbani ndipo istilahi zianze kutafutwa.

Jina na kinachotajwa na jina

Wayunani waliiita hali hii kwa kumtazama mwenye nayo. Neno lao lilijengwa kwa maneno mawili, kufumba na jicho, kwa sababu asiyeona mbali hukunja kope zake apate kuona vizuri zaidi. Waingereza, katika lugha yao ya kila siku, waliutaja uwezo uliobaki, yaani kuona vya karibu. Mswahili naye hutaja kilichopotea: husema kwamba fulani "haoni mbali". Majina matatu, na kila moja limeshika upande wake. Hakuna hata moja linalogusa chanzo.

Usemi wa Kiswahili una udhia wake. Kwanza, kuona mbali ni sifa ya akili pia, na asiyeona mbali ni mtu asiyepima matokeo ya mambo. Hilo halina madhara makubwa, kwa kuwa muktadha hulitatua mara moja. La pili ni zito zaidi. Mzee mwenye mtoto wa jicho haoni mbali; mgonjwa ambaye konea yake imepata makovu kwa sababu ya trakoma haoni mbali; hata mtoto mwenye upungufu wa nuru katika jicho lililokuwa na makengeza haoni mbali kwa jicho hilo. Usemi uliokumba hali zote hizo hauwezi kuwa fasili ya mojawapo. Ndiyo maana neno lililotoholewa, miopia, linastahili kushikiliwa katika maandishi ya kitaalamu, hata kama mazungumzo ya kliniki yataendelea, kama ilivyo haki yao, kutumia maneno ya nyumbani.

Tatizo lililo kubwa zaidi liko katika sifa ya kuongeza. Wafasiri wengi watakaotakiwa kuitaja miopia iliyozidi watakimbilia kusema "miopia kali". Lakini kivumishi -kali katika Kiswahili huhisiwa mwilini: homa kali, maumivu makali, jua kali, kisu kikali. Miopia ya dayopta 10 haiumi. Inakaa kimya, na kimya hicho ndicho hatari yake. Afadhali kusema "miopia ya juu", kwa maana ya kuwa juu katika kipimo, na kuliacha neno hilo libaki la kipimo tu. Ugonjwa wenyewe uitwe "miopia haribifu". Yapo mapendekezo ya namna ya "miopia ya kuharibika", yanayofuata mtindo wa lugha za Ulaya neno kwa neno. Lakini kitu kilichoharibika katika Kiswahili ni kitu kisichofanya kazi tena, na mgonjwa aliyeambiwa kwamba miopia yake imeharibika anaweza kushukuru Mungu kwamba amepona. Kivumishi -haribifu kinaweka tendo mahali pake: miopia ndiyo inayoharibu, jicho ndilo linaloharibiwa.

Kipimo

Johannes Kepler alieleza mwaka 1604 kwamba picha ya vitu huundwa juu ya retina, na kwamba kwa mtu asiyeona mbali miale hukutana kabla ya kuifikia. Katikati ya karne ya 19 ikadhihirika, hasa kwa kazi ya Arlt, kwamba kwa kawaida sababu ni urefu wa jicho lenyewe. Jicho la mtu mzima lina kiasi cha milimita 24 kutoka mbele hadi nyuma. Kila milimita inayozidi huleta miopia ya karibu dayopta 3, na jicho lililofikia milimita 26 na zaidi huhesabiwa kwa kawaida kuwa refu kupita kiasi. Mtu akitafakari udogo wa nyongeza hiyo hana budi kustaajabu: milimita mbili au tatu tu, unene wa sarafu moja au mbili, ndizo zinazotenganisha uoni wa kawaida na hali ambayo baadaye huweza kuleta upofu.

Dayopta ni kipimo kilichopendekezwa na Mfaransa Ferdinand Monoyer mwaka 1872. Ni kinyume cha mita. Mwenye miopia ya dayopta 1 huona sawasawa hadi umbali wa mita moja. Mwenye dayopta 5 hadi sentimita 20. Mwenye dayopta 6 hadi sentimita 17 hivi, na ng'ambo ya hapo sura ya aliyeketi naye mezani ni ukungu. Kwa kuwa lenzi inayorekebisha kasoro hii ni ile inayotawanya miale, kipimo huandikwa kwa alama ya kutoa: hasi 1, hasi 6.

Hapa lugha na hesabu hugombana. Katika hesabu hasi 7 ni ndogo kuliko hasi 6, ilhali miopia ya hasi 7 ni kubwa kuliko ya hasi 6. Anayeandika kwamba utafiti fulani uliwachagua watu "wenye miopia iliyozidi hasi 6" amesema jambo moja kwa msomaji wa Kiswahili na kinyume chake kwa msomaji wa hesabu. Jopo la Taasisi ya Kimataifa ya Miopia, ambalo lilichapisha fasili zake mwaka 2019, lilipata taabu hiyo hiyo katika Kiingereza, likalazimika kuieleza kwa urefu. Katika Kiswahili inafaa kutaja ukubwa bila alama, "miopia ya dayopta 6 na zaidi", na kuiachia alama mahali pake katika majedwali.

Mpaka wa miopia ya juu wenyewe haujatulia. Mkutano ulioitishwa mwaka 2015 na Shirika la Afya Duniani pamoja na taasisi iliyopewa jina la Brien Holden, huko Sydney, uliuweka kwenye dayopta 5, kwa hoja kwamba asiyekuwa na miwani katika kiwango hicho uoni wake umeshuka chini ya 3/60, ambao ndio mpaka wa upofu katika hesabu za Shirika hilo. Jopo la mwaka 2019 likaurudisha kwenye dayopta 6, mahali ambapo watafiti wengi walikuwa wameuzoea. Kila upande una hoja. La kuzingatia ni kwamba mpaka wa aina hii ni wa kupatana, mfano wa tarehe ya kuanza masika: hakuna jambo lolote linalotukia ndani ya jicho siku linapovuka kutoka dayopta 5.75 kwenda 6. Uwezekano wa madhara huongezeka kadiri kipimo kinavyopanda, lakini hupanda kama mteremko wa kilima usio na ngazi.

Tena kipimo chaweza kuondoka na ugonjwa ukabaki. Mwenye dayopta 9 akifanyiwa upasuaji wa leza katika konea, atatoka bila kuhitaji miwani. Na aliyetolewa mtoto wa jicho akawekewa lenzi iliyopimwa vyema, naye kipimo chake hukaribia sifuri. Jicho la wote wawili halikufupika hata kwa unywele. Retina yao ni ile ile iliyonyooshwa, na daktari atakayesoma kipimo cha leo peke yake atawaweka miongoni mwa wenye macho salama. Kinyume chake pia hutokea. Mzee ambaye kiini cha lenzi yake kinazidi kuwa kigumu huanza kupata miopia uzeeni, akafurahi kwamba anasoma gazeti bila miwani. Jicho lake ni la urefu wa kawaida, na maradhi yanayozungumzwa hapa hayamhusu. Fasili iliyosimama juu ya dayopta peke yake itamkosa yule wa kwanza na kumshika huyu wa pili.

Kinachoonekana nyuma ya jicho

Mwaka 1801 Antonio Scarpa wa Italia alieleza uvimbe alioukuta nyuma ya macho ya maiti. Jina la stafiloma, ambalo uvimbe huo unalo hadi leo, lilikuwa tayari limetumika kwa uvimbe wa mbele ya jicho, ambao ni mweusi na wa mviringo, na kwa Wayunani ulifanana na zabibu. Ule wa nyuma haufanani na zabibu wala hauonekani kwa nje. Jina limehama na taswira yake imebaki. Hilo ni jambo la kawaida katika historia ya istilahi. Neno la Kilatini lililozaa jina la mtoto wa jicho katika lugha za Ulaya lilikuwa na maana ya maporomoko ya maji, na Waarabu huuita ugonjwa huo maji meupe. Mswahili ndiye peke yake kati yao aliyeona mtoto.

Fasili ya stafiloma inayotumika sasa ni ya Richard Spaide: ni sehemu ya ukuta wa jicho iliyotokeza nje, ambayo mpindo wake una nusukipenyo kifupi kuliko cha ukuta unaoizunguka. Uzuri wa fasili hii ni kwamba haitaji dayopta wala urefu. Inataja umbo. Jicho refu linaweza kuwa limerefuka kwa usawa, mfano wa yai, bila ya stafiloma; na stafiloma huweza kuonekana hata katika jicho ambalo halikufikia kiwango cha miopia ya juu. Mwaka 1977 Brian Curtin aliigawa katika aina 10 kufuatana na mahali ilipo. Baadaye, picha za mashine zilipoonyesha jicho zima katika pande zake zote, Kyoko Ohno-Matsui wa Tokyo alizipunguza aina hizo zikawa 6.

Scarpa alihitaji maiti. Baada ya Hermann von Helmholtz kutangaza mwaka 1851 chombo cha kutazamia ndani ya jicho, madaktari waliweza kuitazama sakafu ya jicho la mtu aliye hai, na hapo ugonjwa ukaanza kupata sura. Mwaka 1901 Ernst Fuchs alieleza doa jeusi alilolikuta katikati ya retina za watu wenye miopia ya juu. Katika karne iliyofuata vitabu vikubwa vya tiba ya macho vilikubaliana kwa jumla kwamba miopia ni ya kimaradhi pale inapoandamana na kuchakaa kwa sehemu ya nyuma ya jicho. Fasili hiyo ilikuwa sahihi na haikufaa kitu. Kuchakaa kupi, na kwa kiasi gani? Kila mtafiti alichora mpaka wake, mmoja akitumia dayopta 6, mwingine 8, wa tatu akitumia urefu wa milimita 26.5, na matokeo yake ni kwamba idadi za Japani, China, Australia na Ulaya hazikuweza kuwekwa kwenye mizani moja.

Mwaka 2015 kundi la wataalamu wa nchi mbalimbali, likiongozwa na huyo huyo Ohno-Matsui, lilichapisha uainishaji uliojengwa juu ya picha za sakafu ya jicho. Kundi hilo linajulikana kwa kifupisho cha META-PM. Uainishaji wake una madaraja matano, kuanzia sifuri hadi 4, na maneno yake yanadai uangalifu wa mfasiri.

Daraja la sifuri ni jicho lisilokuwa na dalili. Daraja la 1 ni lile ambalo mishipa mikubwa ya damu ya koroidi, tabaka lililo chini ya retina, imeanza kuonekana wazi kwa sababu tabaka zilizoifunika zimekuwa nyembamba. Jina lake la kitaalamu limetokana na vijiwe vidogo vya kutandazia nakshi sakafuni. Vitabu vya zamani vililiita kwa jina la simbamarara, na kwa hakika hao wa zamani walitazama vizuri zaidi, kwa kuwa kinachoonekana ni michirizi. Msomaji wa Kiswahili hana haja ya simbamarara wala ya vijiwe vya Warumi. "Sakafu yenye milia" yatosha, na punda milia wako karibu kumkumbusha. Hali hii peke yake haihesabiwi kuwa ugonjwa.

Katika daraja la 2 sakafu ya jicho huwa na rangi ya manjano iliyofifia, isiyokuwa na kingo dhahiri, ambayo aghalabu huanzia karibu na kichwa cha neva ya jicho. Huo uitwe mnyauko uliotapakaa. Katika daraja la 3 kuna mabaka yenye kingo zilizo wazi, meupe yanayoelekea kijivu: mnyauko wa mabaka. Daraja la 4 ni mnyauko wa makula, yaani baka limekaa katikati kabisa, mahali pa kusomea na pa kutambulia nyuso. Neno "mnyauko" limechaguliwa kwa sababu tishu hizi hazivunjiki wala hazioozi. Hukonda, hupoteza damu na rangi, kama jani lililokosa maji. Kuhusu "makula", neno hilo katika Kilatini ni doa tu, na kulifasiri kungeleta balaa: sehemu iliyo bora kuliko zote katika retina ingeitwa doa, kisha ugonjwa wake, lile doa la Fuchs, uitwe doa la doa. Hapa utohozi ni lazima.

Pembeni mwa madaraja hayo waliweka dalili tatu za nyongeza, ambazo zaweza kutokea katika daraja lolote. Ya kwanza ni nyufa katika utando wa Bruch, ambao ni utando mwembamba ulio baina ya retina na koroidi. Jina lake la kimataifa limetokana na nyufa za vyombo vya Asia ya Mashariki vilivyopakwa utomvu wa kung'arisha. Anayejua kabati kuukuu iliyopasuka vanishi ameziona tayari, na "nyufa za vanishi" litaeleweka. Ya pili ni mishipa mipya ya damu inayopenya kutoka koroidi, ambayo ni dhaifu na hutoa maji na damu. Ya tatu ni doa la Fuchs lenyewe, ambalo leo linafahamika kuwa ni kovu lililoachwa na mishipa hiyo.

Juu ya msingi huo miopia haribifu ikapata fasili yenye mpaka unaoweza kukaguliwa: ni jicho lenye miopia ambalo limefikia daraja la 2 au zaidi, au lenye dalili ya nyongeza, au lenye stafiloma ya nyuma. Jopo la mwaka 2019 liliieleza kwa maneno mapana zaidi, kwamba ni kurefuka kwa jicho kupita kiasi kunakoleta mabadiliko ya umbile katika sehemu ya nyuma, na kunakoweza kuleta upungufu wa uoni usiorekebishwa kwa miwani. Neno "kunakoweza" lisipuuzwe na mfasiri. Likidondoka, ugonjwa utakuwa ni wa wale waliokwisha kupoteza uoni tu, na lengo zima la kuuainisha mapema litakuwa limepotea katika kiambishi kimoja.

Ngazi na safu

Uainishaji wa mwaka 2015 una umbo la ngazi, na ngazi humfanya mtu afikiri kwamba hupandwa kidato baada ya kidato. Kwa kiasi fulani ndivyo ilivyo: milia hutangulia mnyauko uliotapakaa, na huo huweza kuzaa mabaka. Lakini kidato cha mwisho hakifikiwi kwa njia hiyo mara nyingi. Mabaka ya daraja la 3 aghalabu hupanuka yakikwepa katikati ya makula, na mnyauko wa daraja la 4 kwa sehemu kubwa huletwa na ile mishipa mipya, ambayo katika mpango wa madaraja imewekwa pembeni kama nyongeza. Kwa maneno mengine, jicho lenye milia tu laweza kuota mishipa mipya mwaka huu na kuwa na mnyauko wa makula baada ya miaka michache bila ya kupitia kati. Tarakimu zilizofuatana zinaashiria wakati ilhali zinapima uzito tu. Wanaofundisha lugha wanalijua kosa hili kutoka katika namba za ngeli: hakuna anayedhani kwamba ngeli ya 7 ilizaliwa baada ya ya 6, lakini mwanafunzi mgeni huwa na shaka.

Upungufu mwingine ni kwamba picha ya kawaida ya sakafu haionyeshi kina. Tangu mwaka 1991, ulipotangazwa ufundi wa kuipiga retina picha za matabaka kwa mwanga, ilianza kuwezekana kuona jinsi retina inavyovutwa. Ukuta wa jicho hurudi nyuma, na retina, ambayo imeshikwa kwa ndani na ute na utando mwembamba, haiwezi kuufuata. Matabaka yake huachana kama kurasa za kitabu kilicholowa. Mgonjwa wa aina hiyo aweza kuwa katika daraja la 2 la mnyauko na huku makula yake iko karibu kutoboka.

Ndipo mwaka 2019 kundi la Ruiz-Medrano, Ruiz-Moreno na wenzao wa Hispania likapendekeza uainishaji wa safu tatu, unaojulikana kwa herufi A, T na N: mnyauko, mvuto, na mishipa mipya. Safu ya A inafuata madaraja ya mwaka 2015 kama yalivyo. Safu ya T inaanzia sifuri hadi 5, kutoka katika retina isiyoachana, kupitia kuachana kwa matabaka na kubanduka kwa fovea, hadi tundu la makula linaloandamana na kubanduka kwa retina. Safu ya N ina nyufa za vanishi katika N1, na N2 imegawanywa mara mbili, mishipa iliyo hai na kovu. Jicho huandikwa, kwa mfano, A2 T1 N0, na msomaji wa rekodi hupata habari tatu zisizotegemeana.

Faida ya mgawanyo huu iko katika tiba, na hapo ndipo penye uzito wa shauri lote. Kwa mnyauko hakuna dawa iliyothibitika kuurudisha. Kwa mvuto upo upasuaji wa kuondoa ute na utando unaovuta. Kwa mishipa mipya iliyo hai zipo sindano za kuizuia, miongoni mwake ranibizumab, ambayo Umoja wa Ulaya uliidhinisha kwa matumizi hayo mwaka 2013, na matokeo huwa bora zaidi zinapotolewa mapema. Kovu halihitaji sindano. Kwa hiyo tofauti ya N2 iliyo hai na N2 iliyo kovu, ambayo kwa jicho la mwanaisimu yaonekana kuwa ni suala la kiambishi tamati, ndiyo tofauti ya mtu atakayechomwa sindano juma hili na mtu ambaye sindano haitamfaa. Kwa lugha ya mgonjwa dalili ya kwanza ni mistari iliyonyooka kuonekana imepinda, au kivuli kukaa katikati ya anachokitazama. Vimulimuli vya ghafla, vijidoa vingi vinavyoelea na pazia linaloteremka upande mmoja ni jambo jingine, nalo ni dharura: retina inabanduka. Habari hizo hazina budi kufasiriwa kwa maneno ya nyumbani, na kamwe zisifungwe ndani ya istilahi.

Neva ya jicho

Limebaki eneo moja ambalo halijapangika. Jicho linaporefuka, kichwa cha neva huinama na kupanuka, na nyuzi zake huweza kufa. Jopo la mwaka 2019 liliyahesabu madhara haya kuwa sehemu ya miopia haribifu, lakini mpaka wake na glaukoma ni mgumu kuchorwa, kwa sababu miopia ya juu yenyewe huongeza uwezekano wa glaukoma na kichwa cha neva kilichoinama huiga sura yake.

Kiswahili kimejiongezea ugumu hapa bila ya kukusudia. Jina la glaukoma lililoenea mijini na vijijini ni "presha ya macho". Jina hilo limewasaidia wengi kuelewa kwa nini wanatiwa matone kila siku, na si rahisi kuling'oa. Hata hivyo linafanya kipengele kimoja cha hatari kuwa ndio ugonjwa wenyewe, ilhali glaukoma huweza kutokea na presha ya jicho ikiwa ya kawaida, na katika macho marefu hali hiyo haishangazi. Mgonjwa aliyepimwa akakutwa na presha ya kawaida, kisha akaambiwa kwamba ana presha ya macho, ana haki ya kuacha dawa na kutafuta daktari mwingine. Katika maandishi ya kitaalamu neno glaukoma litumike kama lilivyotoholewa, na uharibifu wa neva katika jicho refu uelezwe kwa maneno hayo hayo, "uharibifu wa neva wa miopia ya juu", mpaka wataalamu wa macho watakapoamua kama wanatazama ugonjwa mmoja au magonjwa mawili.